Keti Kwanza, Halima

Mjukuu wangu Halima,

Assalamu alaykum. Huku Garsen mvua imenyesha, nyasi zimeota, na mama yako hajambo.

Juzi kwenye simu ulinikasirikia: "Nyanya, usinipige chenga! Nimemuulizia babu." Ukataka kujua kwa nini siwezi kunyoosha maneno.

Nilipokuwa msichana, mzee mmoja alitoka upande wa Bangale, walikohamia watu wetu na mifugo, akanikuta nikikamua. Akanipa habari za huko bila haraka: mvua, malisho, ng'ombe waliozaa, kisha watu wetu, mmoja mmoja kwa jina. Kaka yangu, aliyekuwa huko nao, hakumtaja. Nikaweka kibuyu cha maziwa chini, nikaketi. Ndipo aliposema. Hata tone halikumwagika.

Kwa muda mrefu nilimwona mwoga yule mzee. Siku hizi nadhani alikuwa akinisubiri niketi.

Basi nawe keti, mama. Babu yako anakula vizuri, anaswali, anatembea mpaka zizini na kurudi. Ila leo asubuhi nilipompa chai, alinishukuru kwa adabu sana, kisha akaniuliza mimi ni binti wa nani.

Ni mimi,
nyanya yako