Nusu ya Shamba

Ijumaa, 18 Julai 2014

Nimechoka. Kiwandani feni zinasukuma joto tu. Ibtisam, mwenzangu wa kazini, alinipitia na gari lake asubuhi kama kawaida hapa mtaani Riverside, lakini leo hadi kiwandani Tonawanda alisikiliza redio ya habari tu. Jana wanajeshi wa Israeli waliingia Gaza, na dada yake yuko huko na watoto. Simu haishiki. Tena amefunga Ramadhani, hata maji hanywi — na sisi tunapanga vifuniko vya plastiki kwenye maboksi, mikono haipumziki.

Nikamwambia nitamwombea. Akashukuru. Sikumwambia kanisani kwetu tunamwombea nani.

Jioni mume wangu mbele ya TV. Medard na hii vita! Anasema Wayahudi walifukuzwa, wakazunguka dunia, wamerudi kwao, basi. Mtu akirudi kwao utamwitaje mvamizi? Nikaendelea kusonga ugali.

Jumapili, 20 Julai

Ibada ndefu. Mchungaji Sebineza ametusimamisha tuiombee Israeli. Bendera yao ndogo ilikuwa juu ya mimbari. Medard ndiye aliyeileta, ni shemasi. Nikasema amina kama wengine. Kisha kimoyomoyo nikawaombea watoto wa dada yake Ibtisam. Mungu atajua la kufanya na maombi yangu mawili.

Mchana Zenoni, mdogo wake Medard, kapiga simu kutoka Columbus, anakoishi. Wakaanza na salamu, wakaingia Gaza, wakaishia Nyanza-Lac. Kila mara ni hivyo!

Baba yao alikimbia Burundi mwaka 1972, akaacha shamba la michikichi pale Nyanza-Lac, karibu na ziwa. Likagawiwa watu wengine. Hawa wawili wamezaliwa kambini Tanzania, shamba hawajaliona hata siku moja. Mzee amekufa akilitaja. Sasa tume ya ardhi inataka warithi waseme kwa kauli moja: wanadai lote, au wanagawana na Adolphine, mjane anayeishi pale. Amezalia pale. Mume wake amezikwa pale.

Zenoni anataka nusu. Anasema huyo mama hakumfukuza mtu, alikuwa msichana mdogo. Na wale wa Gaza, anasema, ni kama sisi tulivyokuwa kambini Mtabila: watoto wa kambi, wajukuu wa kambi. Na Wayahudi nao wamezaliana pale, watapelekwa wapi? Wagawane.

Medard akapandisha sauti. Usichanganye mambo! Nusu ya kitu chako ni wizi uliopigwa muhuri!

Akakata simu. Kwao wamebaki ndugu wawili tu.

Jumatatu, 28 Julai

Idi. Ibtisam kaja kazini hata hivyo — anasema nyumbani kuna TV. Kaleta biskuti za tende, tukala wakati wa mapumziko. Dada yake yuko hai, amepata kumsikia.

Jioni kapiga Kornelia, dada yangu anayeishi Louisville. Nikamweleza yote. Akasema nisijiingize. Kule mtaani kwao Iroquois, kanisani, wanaume wawili hawasalimiani kwa ajili ya nchi ambayo hakuna aliyewahi kufika. Tukacheka. Kidogo.

Ijumaa, 1 Agosti

Waliahidi kusimamisha vita. Hawakufika hata mchana!

Ibtisam alipigiwa tukiwa kwenye laini. Nyumba ya dada yake imeanguka. Dada mzima, watoto wazima. Mume wa dada, hapana. Ibtisam akavua glavu, akazilaza juu ya meza vizuri, moja juu ya nyingine, kama mtu anayekunja nguo za mtoto. Supavaiza akamwambia aende nyumbani. Mimi nikabaki na vifuniko.

Nikamweleza Medard. Akazima TV. Akasema Mungu awafariji. Kisha akauliza: lakini nani alianza?

Yoo, Medard.

Jumatano, 6 Agosti

Kumetulia tangu jana. Ibtisam karudi kazini. Alipofika kunichukua, Medard akatoka nje kumpa pole. Sikumtuma! Nikasimama katikati nitafsiri, maana Kiingereza cha Medard ni cha kazini tu.

Pole zikaisha, nikadhani tunaondoka. Medard akauliza kwao ni mji gani. Ibtisam akataja kijiji. Babu yake ndiye aliyetoka, mwaka 1948. Naye akamuuliza Medard. Nyanza-Lac, 1972.

Nani yuko pale sasa? akauliza Ibtisam.

Mjane mmoja.

Mtagawana naye?

Medard akasema mdogo wake ndiye anayetaka nusu. Ibtisam akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia tusi. Akasema kwao pia wapo wa namna hiyo, binamu yake mmojawapo: tuchukue kipande tulale usingizi. Yeye hapana. Nusu ya kwako siyo amani, ni kuchoka tu.

Nikatafsiri. Uso wa Medard ukang'aa! "Mama Grâce, mwambie huyu dada ameelewa." Akaweka mkono kifuani. Ibtisam naye vilevile. Israeli haikutajwa. Gaza haikutajwa.

Tukaondoka. Siku zote hizi naomba Medard na Ibtisam wasikilizane. Wamesikilizana! Kwa hilo!

Nilitaka kumuuliza Ibtisam: na kuchoka kuna ubaya gani? Watu wakichoka wote siku moja, si watakaa chini? Lakini alikuwa anaendesha huku machozi yanamtoka, na mimi sijafiwa na mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Tangu juzi mabomu yameanza tena.

Tumetoka kanisani, tukakuta gari la Zenoni mlangoni. Kaja peke yake kutoka Columbus bila kusema. Amezungumza na Adolphine kwa simu; mama analia, anasema yuko tayari kugawana, anaogopa tu kufukuzwa. Tume inasubiri neno la Medard.

Medard hakumpa hata mkono. Akamwambia: umeongea na mtu aliyekalia kaburi la babu yetu kabla ya kuongea na mimi? Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikaweka chai. Zenoni kakaa sebuleni, amevua kofia, ananiangalia huku jikoni. Halafu kwa sauti — ili asikike na chumbani — akaniuliza: "Shemeji, na wewe unasemaje?"

Tangu Julai hakuna aliyeniuliza. Si mchungaji, si Medard, si Ibtisam.

Nikamwambia ngoja chai ichemke. Naandika hapa nimeegemea friji. Imechemka zamani, nimeshazima jiko. Zenoni bado anasubiri. Chumbani kitanda kimeacha kulia — Medard amesimama nyuma ya mlango, anasikiliza.

Jibu ninalo. Ni neno moja. Nikilisema, atalisikia.

Nabeba vikombe.