Jina la Mtu Asiyeondoka

Mandalay, Jumanne

Mume wangu Zaw Htet,

Mvua zimeanza, na paka wako amezaa kabatini. Viza ya kukufuata huko nimenyimwa, tena nilishafika dirisha la mwisho!

"Pasipoti inasema Nwe Nwe Aye, orodha ya kaya inasema Thiri Mon," afisa aliniambia. "Wewe ni nani hasa?"

Kumbe mama yako alikwenda kwa mnajimu, kisha akambembeleza karani wa mtaa abadilishe jina langu. Nilipomfokea akasema, "Mwanangu, lile lilikuwa na nuksi. Nilikutafutia la bahati ya safari."

Nikamwamini. Hapa kwetu nani hajabadili jina kwa ajili ya bahati?

Leo nimemwendea huyo mnajimu nikamtolee uvivu. Mzee akanishangaa. "Safari gani? Yule mama aliomba jina la mtu asiyeondoka."

Nimerudi nikiwaka moto. Nimemkuta mama yako hajala, ananingoja na sahani mbili za wali.

Sasa wewe usithubutu kuniandikia eti nimsamehe. Mpigie simu yeye. Mwaka wa nne huu hujampigia, na adhabu yako naitumikia mimi.

Mkeo,
Nwe Nwe Aye, waandike watakavyo.