Mlio Mpya wa Pikipiki Yako

Nyumbani,
Nyumba ya mwisho, nyuma ya karakana ya mbao.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu nyingi za mama yako. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha? Unakula ukashiba, au ni chai na mkate mpaka jioni? Nauliza tu, usinune. Sisi huku hatujambo. Mguu wangu unavuta kila asubuhi, lakini ukishapata jua unatulia. Na mwandiko wangu usiucheke, shule yangu unaijua ilipoishia. Herufi zinatembea kama kuku waliotupiwa jiwe.

Dada yako mshonaji amepata cherehani nyingine, ile ya zamani ilikuwa inameza uzi kuliko nguo. Anakusalimu sana.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa mezani. Kwenye simu nikitamka tu pikipiki, unasema mtandao mbaya. Basi barua haina mtandao. Isome mpaka chini, baba.

Najua umeambiwa kwamba mdogo wako kaiua injini ya pikipiki yako kwa kushindana mbio na vijana wenzake kule machimbo ya kokoto. Na tangu uambiwe hupokei simu yake. Mwanangu, aliyekuambia kakuambia asichokiona.

Ukweli ni huu. Mjomba wako, yake ikiwa imeharibika, aliiazima akamwone mgonjwa kule juu ambako gari halipandi. Unamjua ndugu yangu, hapendi kurudisha kitu cha watu kitupu. Akalijaza tangi petroli mpaka mdomoni. Petroli tupu, bila ile oili unayoichanganya humo humo tangini! Pikipiki yake yeye oili ina mahali pake chini, haichanganywi, akadhani na yako ni vile vile. Asubuhi mdogo wako akaona tangi limejaa, akafurahi, akaondoka. Darajani hakufika. Injini ilipiga yowe, gurudumu la nyuma likakwama, ikazima. Nilimwona anarudi anaisukuma, jasho linamtiririka.

Wema wa mjomba ndio uliotuponza, na mwenyewe hajui mpaka leo. Mdogo wako alinishika mkono jikoni akaniambia, "Mama, mjomba asiambiwe, atakonda. Bora kaka anikasirikie mimi." Nikanyamaza. Lakini mimi ni mama wa wote wawili, na kunyamaza kumenishinda. Hili liweke kifuani mwako, kwa mjomba lisifike.

Tuliipeleka kwa Fundi Miwani, yule yule aliyekufundisha wewe kuiwasha kwa kupiga kiki. Akaifungua juu ya magazeti, mimi nimekaa kwenye ndoo ya rangi namtazama kama ndugu wa mgonjwa. Silinda kwa ndani ilikuwa na mikwaruzo kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nikamwambia aipanguse irudi ilivyokuwa, maana mwenye nayo alisema akirudi aikute hivi hivi alivyoiacha.

"Mama, hiki si kidonda cha kupanguswa," akasema. "Lazima tundu litanuliwe mpaka mikwaruzo iishe, halafu tuweke pistoni nene zaidi."

Nikaruka. "Nene zaidi si ndiyo mbio zaidi? Unataka kunizikia mtoto?"

Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Ni unene wa ukucha tu, mama. Mbio nyingi ziko kwenye mkono wa mpandaji."

Mdogo wako alikataa isiguswe mpaka wewe ukubali. Akakupigia, akakupigia tena. Injini ikakaa ndani ya beseni langu la kufulia, imefunikwa shuka, mimi nafulia ndoo. Kila nikipita naiona. Mwisho nikasema ichongwe. Ni mimi niliyesema, si yeye. Kama una hasira, mlango wake ni huu kwangu. Chuma kikiachwa wazi kinaota kutu, na ndugu ni hivyo hivyo.

Mkereza vyuma akalitanua tundu, likawa linang'aa utadhani kioo. Fundi akaipaka pistoni mpya oili kwa kidole, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Kabla hajafunga nilimwomba niijaribu ile yako ya zamani, nione. Nikaiingiza. Ikacheza humo ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Nikacheka, halafu sijui nikafanya nini, fundi akajifanya anatafuta spana. Pistoni hiyo ninayo, iko dirishani kwangu, nimeifunga kitambaa.

Na hofu yangu usidhani imeisha. Fundi amesema mwanzoni iendeshwe polepole mpaka vyuma vizoeane. Niliposikia polepole, moyo wangu ukacheza ngoma. Nikamvuta pembeni: mwambie huyu kijana ni mpaka mwaka uishe. Akanijibu, "Mama, injini nayo ikidekezwa sana inakuwa mvivu." Basi nimebaki na dua zangu. Ila kofia ngumu anavaa, nisipomwona nayo kichwani hatoki getini. Na oili sasa anaichanganya mwenyewe, na kifuniko cha tangi kakifungia kamba nyekundu ili asije mwingine akatusaidia tena.

Kuna jambo moja sikumwambia mtu. Zamani ulipokuwa unarudi kutoka kazini, mlio wako niliujua tangu kwenye kona, ule mwembamba, nikaweka chai jikoni kabla hujafika. Siku ilipowashwa upya mlio umekuwa mzito kidogo. Nikatoka mlangoni najiuliza ni mgeni gani huyu. Kumbe ni wetu. Sasa nimeshauzoea, na chai naiweka kwa wakati. Kwa hiyo nawe ukirudi, hata ukija umebadilika namna gani, usihofu. Nitakujua tangu kwenye kona.

Msalimie yule mwenzako mnayepika zamu, mwambie chumvi apunguze. Dada yako, mjomba wako na mama wa duka la kona wanakusalimu. Mungu akulinde unapolala na unapoamka, akufungulie riziki, akurudishe mlangoni kwangu ukiwa mzima.

Jumamosi jioni mdogo wako atakupigia. Nimemwambia asiseme neno kwanza, aiwashe tu karibu na simu, usikie mwenyewe. Pokea, baba. Na mtandao siku hiyo utakuwa mzuri.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Mama yako.