Fomu Niliyoijaza Bila Kukuambia

Mshangano, Songea
Jumanne asubuhi

Kwa Baba yangu, Mzee Saidi,

Assalaam aleykum Baba, na shikamoo. Mimi ni mzima, na kila nikimaliza swala nawaombea na ninyi huko Nakapanya muwe hivyohivyo. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia limeanza kukubali kukunjika, na kwamba mmeshaanza kuokota korosho. Natamani ningekuwa hapo niokote na ninyi, japo najua ungenikuta nimekaa pembeni nachoma na kula.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu husikii vizuri, na mimi nikitaka kukuambia jambo kubwa napata kigugumizi. Hili la leo lina mwanzo na lina mwisho, nataka ulipate lote. Nakuomba usome hadi chini kabla hujakasirika.

Baba, nimepata chuo.

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka ulinipigia. Ulimshukuru Mungu, ukacheka. Ukasema, "Mwajuma, umenipa heshima. Ila chuo ni cha watu wenye uwezo. Usije ukaomba, ukaitwa mahali nisipoweza kukupeleka, nikabaki na aibu." Nikajibu, "Sawa, Baba." Na kweli nilikubali, sikulia hata kidogo. Nikaendelea na kazi kwenye stesheneri ya Dada Editha, yule mama wa Kingoni aliyenipa chumba cha uani nyumbani kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa kopi na kuchapa. Lakini dirisha la maombi ya vyuo lilipofunguliwa, ikawa kazi moja tu kutwa nzima: kuwajazia watu fomu kwenye kompyuta. Vijana wanatoka Mbinga, wanatoka Namtumbo, wanashuka kwenye basi wamekumbatia bahasha za vyeti kama mtu aliyebeba mayai. Baridi ya huku unaijua, wengine meno yanagongana hawawezi hata kutaja majina yao. Nikawa fundi. Nilijua chuo kipi kinataka ufaulu gani na mtandao unazubaa saa ngapi. Niliwajazia wengi, Baba, na kila nilipobonyeza kutuma nilijiambia kwamba mimi ni mfanyakazi tu hapa.

Siku moja akaingia mkulima wa tumbaku kutoka Lusewa, anaitwa Mzee Komba, na binti yake Sesilia. Tulipofika mahali pa kuchagua masomo, Sesilia akaninong'oneza niandike kozi fupi ya cheti, isiyo na gharama. Baba yake akasikia.

"Wewe unataka kusomea nini hasa?"

"Udaktari wa mifugo."

"Basi andika hicho."

"Baba, tutapata wapi?"

Mzee akavua kofia akaiweka magotini. "Sijui tutapata wapi," akasema. "Lakini kama ni kukataliwa, watukatae wao. Tusianze kujikataa wenyewe."

Nikaandika. Nilikosea jina la binti mara mbili. Dada Editha aliniona. Walipoondoka akaniuliza, "Na wewe umeomba vyuo gani?"

"Sijaomba, Dada."

"Kwa nini?"

Nikamweleza ulichoniambia. Hakukusema vibaya, Baba, sitaki umfikirie hivyo. Alisema, "Baba yako anaogopa, na mzazi ana haki ya kuogopa. Lakini umewajazia watoto wa mkoa mzima, wewe mwenyewe umejiruka." Akanivuta mkono akaniketisha kwenye kiti cha wateja, yeye akakaa kwenye changu. Dada Editha anachapa kwa kidole kimoja. Tulianza baada ya chakula cha mchana, tukamaliza jua linazama, na wateja wawili walikuwa wanasubiri huku wanamsaidia kuitafuta herufi Q. Nikaomba uuguzi, vyuo vitatu.

Hapo bado sikuwa nimekukosea sana. Kosa langu linakuja sasa.

Chuo bila mkopo wa serikali kisingewezekana, na fomu ya mkopo inataka mdhamini. Aje na kitambulisho, abandike picha, asaini mbele ya serikali ya mtaa, kisha ipelekwe kwa hakimu igongwe muhuri. Ningeweza kukutumia fomu kwa basi, siku zilikuwa bado zinatosha. Sikukutumia kwa sababu niliogopa ungesema hapana, na neno lako nisingeweza kulivuka. Dada Editha alikuwa tayari kusaini, lakini mimi moyo ulitaka awe mtu wa damu yetu.

Nikaenda kwa Baba mdogo Athumani.

Najua, Baba. Najua kwamba tangu alipouza kipande chake cha shamba la Babu bila kukuambia, jina lake halitajwi nyumbani. Nilipoondoka Nakapanya uliniambia Songea ni kubwa, hakuna haja ya kukutana naye. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba ni fundi ujenzi na kwamba anajenga nyumba huku huku Mshangano, si mbali na tunapokaa.

Nilimkuta juu ya jukwaa anapanga tofali. Nikasema, "Shikamoo, Baba mdogo." Aligeuka akaniangalia muda mrefu. Alikuwa hajaniona tangu nikiwa darasa la kwanza.

"Wewe ni wa Saidi," akasema. "Umechukua paji la uso la mama yetu."

Akashuka, akanawa saruji mikononi, tukakaa kwenye rundo la mchanga. Nikamweleza yote. Aliponiuliza, "Baba yako anajua umekuja kwangu?" nikasema hapana. Akainamisha kichwa.

"Na mimi sikumwambia nilipouza," akasema. "Mtoto wangu alikuwa amelazwa, nikaona haya kumwomba kaka kila mara. Nikauza kimyakimya. Nilidhani naficha aibu, kumbe naitengeneza." Kisha akasema, "Nitasaini. Lakini kwa sharti moja: majibu yakija, mabaya au mazuri, usimfiche."

Nikaahidi. Ndiyo maana unasoma barua hii.

Siku ya kusaini alifika mapema kuliko mimi. Picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, kwa hiyo Dada Editha akampiga nyingine palepale dukani, akamwazima koti la mumewe. Mumewe ni mfupi, mikono ya koti ikaishia karibu na viwiko. Baba mdogo akasema, "Piga kichwa tu, mikono haisomi." Tulicheka hadi picha ya kwanza ikatoka na ukungu. Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akamuuliza uhusiano wetu. Akajibu, "Ni mwanangu." Mwenyekiti akasema hapa pameandikwa baba ni Saidi. Akamwambia, "Saidi ni kaka yangu. Sisi Wayao mtoto wa kaka si mtoto wa mtu mwingine." Sikumbuki mwenyekiti alijibu nini, nilikuwa naangalia chini.

Kisha tukangoja. Chuo cha kwanza kilinikataa. Nilisikitika siku mbili. Cha pili kikanikubali, cha tatu pia. Nimechagua kile cha Dodoma. Bado mkopo. Kila asubuhi niliingia kwenye akaunti yangu nikakuta hakuna kitu, nikarudi kuwatolea watu kopi.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nambandikia mteja picha kwenye fomu, Dada Editha akiwa kwenye kompyuta. Akaniita kwa jina zima, la shule, na baba na babu. Nikadhani nimeharibu kitu. Akageuza kioo cha kompyuta kunielekea. Baba, wamenipa mkopo. Sio wote, lakini ada imo na chakula kimo sehemu kubwa. Kilichobaki ni kitu cha mtu kufanyia kazi likizo. Dada Editha akapiga vigelegele hadi muuza viatu wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Mteja mwenyewe, ambaye hatukumjua, akaanza kunipongeza huku picha yake imebandikwa kichwa chini.

Nikampigia Mzee Komba kumuulizia Sesilia. Alikuwa Lusewa anamwagilia kitalu cha tumbaku, nikawa nasikia maji. Sesilia naye amepata, udaktari wa mifugo uleule. Mzee akaniambia, "Subiri kidogo, mwanangu," akaweka simu chini bila kuikata, nikamsikia akimwita mkewe kutoka mbali.

Halafu nikakimbia kwa Baba mdogo. Alisoma majibu kwenye simu yangu mara tatu, akanirudishia, akasema, "Haya, twende tukale." Alipogeuka nikaona anafuta macho kwa mkono wenye saruji, akazidi kuyawasha.

Baba, nimevunja neno lako na naomba radhi. Nisamehe kwa kutokukuambia, kwa sababu hilo ni kosa. Kuhusu kuomba chuo sitaomba radhi, utanisamehe na hilo.

Nisalimie Bibi, mwambie sijasahau kusuka nywele kama alivyonifundisha. Nisalimie Shangazi Somoe na mumewe fundi baiskeli. Mdogo wangu Rehema mwambie asiache hesabu. Na Mama mbusu mikono, najua yeye ndiye anayekufikishia maneno yangu ya simu kila siku.

Kuna jambo moja limebaki. Barua hii sikuituma kwa kondakta. Ameileta Baba mdogo Athumani mwenyewe. Ameshukia barabarani, kwenye meza Mama anapouzia mihogo, akampa barua aje nayo kwako. Amesema hatakanyaga uani kwako mpaka umalize kusoma na umwite. Akiona kimya, atapanda basi la kurudi na hatakulaumu. Sasa hivi amekaa pale, anasubiri.

Mimi nimemwambia afungashe nguo za wiki nzima.

Mwanao anayekupenda na kukuheshimu,
Mwajuma