Kwa Nini Yunia Hakushuka Stesheni

Landhi, Nyumba za Wafanyakazi wa Reli,
Nakuru

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama, na babu yetu Guku ambaye nasikia mguu unamsumbua tangu mvua zianze. Mnaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu alizaa salama? Sisi hapa tu wazima. Mume wangu Petero bado ana kazi yake ya reli, watoto wanakula na kulala vizuri, nami naendelea kufua mashuka pale hospitalini. Mwalimu wa kanisa atakayekusomea barua hii namwomba asome maneno yote, hata yale yatakayokukasirisha.

Baba, najua Jumamosi ulikwenda stesheni kumngoja mdogo wangu Yunia, na gari la moshi likaondoka bila yeye kushuka. Pengine uliogopa kwamba amepatwa na mabaya njiani. Hakupatwa na kitu. Ni mimi niliyemzuia.

Mapema wiki hiyo mdogo wangu alifika mlangoni kwangu na sanduku kichwani. Mwalimu mkuu alikuwa amewarudisha nyumbani wasichana wote ambao msaada wao wa karo kutoka serikalini haujafika. Waliambiwa, na wazazi wao walikuwa wameshaandikiwa, kwamba ni kwa muda mfupi tu, msaada ukija wataitwa. Petero alikuwa tayari kumkatia tikiti. Kisha nikapokea barua yako, kwamba yule mzee wa ng'ambo ya mto ameleta ng'ombe, na kwa kuwa serikali imemkataa Yunia, tumpandishe gari la Jumamosi aje aolewe, ili ndugu yetu Enoka naye apate ng'ombe wa kuoa.

Nilikaa nayo mkononi, nikasahau hata kuwasha moto. Nilimkumbuka Cherono, msichana wa Subukia aliyeketi dawati moja na Yunia. Mwaka jana naye alirudishwa nyumbani kwa muda mfupi. Msaada wake ulifika, Baba, na shule ikamwita, lakini alikuwa ameshaolewa. Mwezi uliopita alikuja hospitalini kwetu na mtoto mgonjwa mgongoni. Aliniuliza siku hizi kina Yunia wamefika wapi katika hesabu.

Basi asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikamshika Yunia mkono, tukaenda ofisi ya elimu. Tulisimama kwenye mstari mpaka jua likawa kali. Karani, kijana mwenye tai, hakuinua hata macho.

"Msaada umefika, lakini huyu hayumo tena katika orodha," alisema. "Chifu wenu ametuma habari kwamba ameacha shule, anaolewa."

"Ameacha lini?" nikamuuliza. "Si huyu hapa na sare yake?"

"Mama, chifu aliambiwa na baba mzazi. Wewe ni nani hata umpinge baba yako?"

Tangu nizaliwe sijapinga neno lako, na sasa nilikuwa naulizwa hivyo mbele ya watu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba serikali haikumkataa mtoto wetu. Ilichelewa tu, nasi hatukungoja.

Mzungu mwenye ofisi alisikia kelele akatoka. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia Yunia, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Wewe nataka nini? Shule ama bwana?"

Unavyomjua Yunia, huogopa hata jogoo wa jirani. Lakini alisema, "Nataka shule. Na sitaki baba yangu apate taabu kwa sababu yangu."

Yule Mzungu alimwagiza karani alete daftari. Kisha akaamua Yunia arudi darasani mpaka muhula uishe. Baada ya hapo msaada hautatoka mpaka wewe mwenyewe uende kwa chifu useme umekubali asome. Nilimrudisha shuleni siku hiyo hiyo. Wenzake wengi waliopanda magari kwenda makwao bado hawajaonekana, na mwalimu wao anasema baadhi yao hatarajii tena kuwaona.

Enoka, ndugu yangu, najua unasikiliza haya na moyo unakuchoma. Mchumba wako hawezi kungoja milele. Petero amezungumza na msimamizi wake, wanatafuta vibarua wa kutengeneza njia ya reli upande wa Lanet. Njoo ulale kwetu, upate ng'ombe wako kwa jasho lako, wasitoke mgongoni mwa dada yako.

Nawe Baba, wale ng'ombe warudi kwa mwenyewe kabla hawajazaa zizini mwako. Ukiwa na hasira, njoo Nakuru unikemee. Nitakupikia, nitapiga magoti, nitapokea yote. Lakini kwa chifu siwezi kukuendea. Neno linalotakiwa kule ni lako.

Nisalimie Mama, na umwambie nimeelewa kwa nini hakutia salamu zake katika barua yako. Msalimie Senge, dada yako, aliyenifundisha kupika. Msalimie Mjomba mwenye duka, na mke wa Mwalimu wa kanisa.

Ni mimi binti yako mkubwa, niliyekuvunjia neno mara hii moja, na ambaye bado anakuheshimu,

Rasoa