Mtaa Uliosogea

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Nimepandishwa cheo kituoni; sasa mitambo yote ya kupima mitetemeko na misogeo ya ardhi iko mikononi mwangu.

Jumanne mitambo ilionyesha kuwa ardhi ya mtaa wetu, pale mlimani, imesogea sentimita nne. Nikaagiza watu wahame. Mama akagoma.

"Nyumba hii kaijenga marehemu baba yako. Mashine zako zilikuwepo?"

"Mama, lini nimewahi kukudanganya?"

Akachukua picha ya baba ukutani, akanipita mlangoni bila kunitazama.

Alhamisi asubuhi ardhi ikatikisika, mlima ukaporomoka. Nyumba yetu haipo tena, kaka. Lakini hakufa mtu.

Mama bado ameninunia. Ila jana nilimsikia akimwambia jirani, "Mwanangu akisema hama, wewe hama."

Usimwambie nimekusimulia.

Mdogo wako akupendaye