Wamekuja kupima saluni yangu

Shoga, nimejifungia saluni.

Nimetoka kununua dawa ya nywele, narudi namkuta mume wangu na mwanamume nisiyemjua wanapima ukuta. Ukuta wa saluni yangu.

Nikauliza kuna nini. Mume wangu hata hakugeuka. "Anafungua duka la simu hapa. Nimeshamwachia."

Nimeshamwachia! Na wateja wangu wamekaa pale wanasikiliza.

Yule mgeni akaniangalia. "Mama, umekubali?"

"Sijakubali. Kodi nalipa mimi, na sihami."

Akakunja futi yake, akaniomba radhi mimi, siyo mume wangu.

Mume wangu akaondoka. Sasa kanitumia ujumbe: "Nakusubiri nyumbani."

Nitaenda, ni kwangu pia. Ila njoo unisindikize, nisiingie peke yangu.